Wastani Usitudanganye: Namna ya Kuweka Matokeo ya Jaribio la Programu Katika Majedwali na Grafu

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne katika tovuti yake, watu wengi mno hutaka kuyaona kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliyeko Kibeta mjini Bukoba, mzazi wake aliyeko Muleba na mwalimu wake wa darasa huuliza swali lilelile katika saa ileile. Vivyo hivyo, maombi ya mikopo ya elimu ya juu hupelekwa kwa njia ya intaneti, nayo yana siku yake ya mwisho. Kijana aliyelipa nauli kutoka kijijini ili apate huduma ya intaneti mjini hawezi kuliona jambo la mfumo kuchelewa kujibu kuwa ni dogo. Laweza kumkosesha nafasi ya masomo.

Kwa sababu hiyo programu za namna hii hapana budi zijaribiwe kabla hazijafunguliwa kwa umma. Jaribio moja laweza kuzaa namba elfu kadhaa au hata milioni, na hakuna mtu awezaye kuzisoma zote. Katika makala haya tutaeleza jinsi namba hizo zinavyopangwa katika majedwali na grafu, na jinsi mpangilio mbaya unavyoweza kuwaficha watu wale wale wanaoumia.

Jaribio hufanywaje?

Kompyuta moja huigiza watumiaji wengi. Hutuma maombi kwa seva, yaani kompyuta inayohudumia watu, na kuandika muda ambao kila ombi lilichukua hadi likajibiwa. Programu ya JMeter, ambayo hutolewa bure na Apache Software Foundation, huandika kila ombi katika mstari wake: saa lilipotumwa, muda wa kujibiwa kwa milisekunde, na kama lilifaulu au lilishindwa. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Jaribio hurudiwa huku mzigo ukiongezwa hatua kwa hatua: watumiaji 50, kisha 100, kisha 200, na kuendelea.

Kwa nini tuongeze mzigo hatua kwa hatua? Jibu lake lapatikana katika nadharia ya foleni.

Foleni ya mizani

Tufikirie chama cha msingi cha ushirika wakati wa msimu wa kahawa. Pana mizani moja na karani mmoja. Wakulima huja na magunia yao ya kahawa ya maganda bila kupangiana saa. Tuseme karani humhudumia mkulima mmoja kwa dakika 2 kwa wastani, ingawa wengine huchukua muda mfupi zaidi na wengine mrefu zaidi. Basi uwezo wa mizani ni wakulima 30 kwa saa.

Mtaalamu wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 makala juu ya hesabu za simu zinazoingia kwa kubahatisha. Kazi yake ndiyo iliyoweka msingi wa nadharia hii. Kwa foleni rahisi ya karani mmoja, ambamo watu huja kwa kubahatisha na muda wa kuhudumiwa nao hubadilika kwa kubahatisha, kanuni ni hii: muda ambao mtu hukaa hapo kwa wastani ni muda wa huduma ukigawanywa kwa moja kutoa sehemu ya uwezo inayotumika.

Jedwali la 1: Muda wa mkulima kwenye mizani (kwa hesabu)

| Wakulima kwa saa | Sehemu ya uwezo | Muda wa wastani (dakika) |
|---|---|---|
| 15 | 15/30 | 4 |
| 24 | 24/30 | 10 |
| 27 | 27/30 | 20 |
| 29 | 29/30 | 60 |

Msomaji aitazame safu ya mwisho. Kutoka wakulima 15 hadi 24 muda umeongezeka kwa dakika 6. Kutoka 27 hadi 29, wakulima wawili tu, umeongezeka kwa dakika 40. Seva nayo ina tabia hiyohiyo. Huonekana haina shida hadi inapokaribia ukomo wa uwezo wake, kisha hali huharibika kwa ghafla. Aliyeijaribu kwa mzigo mdogo na kudhani kwamba mzigo ukizidi mara mbili muda nao utazidi mara mbili, amekosea sana. Kazi ya kwanza ya grafu ya jaribio ni kuonyesha mahali ambapo mstari unaanza kupanda kwa ghafla.

Wastani unavyoficha

Sasa tuchukue mfano mdogo wa kubuni. Maombi kumi yalijibiwa kwa muda huu, kwa milisekunde: 210, 190, 230, 200, 220, 180, 240, 210, 220, 4,100. Jumla ni 6,000, na wastani ni 600.

Je, kuna mtu aliyengoja milisekunde 600? Hakuna hata mmoja. Watu tisa walijibiwa kwa milisekunde 240 au chini ya hapo, na mmoja alingoja zaidi ya sekunde 4. Wastani umetoa picha isiyomhusu yeyote kati yao. Tukizipanga namba hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, ile ya tano ni 210 na ya sita ni 220, hivyo thamani ya kati ni 215. Thamani hiyo inaeleza vema hali ya mtumiaji wa kawaida, lakini haimtaji kabisa yule wa kumi.

Ili yule wa kumi asisahauliwe hutumika kipimo kiitwacho persentaili. Tuseme tuna majibu 1,000 yaliyopangwa kuanzia la haraka hadi la polepole. Muda wa jibu la 950 ni persentaili ya 95: watu 950 walijibiwa kwa muda huo au chini yake, na 50 walingoja zaidi. Ikumbukwe kwamba kipimo hiki chahitaji namba nyingi. Kwa majibu kumi tu, persentaili ya 95 haina maana ya kutegemewa. Tena, persentaili za majaribio mbalimbali hazijumlishwi na kutafutiwa wastani. Hapana budi kurudi kwenye namba zenyewe na kuzipanga upya.

Jedwali linalosema kweli

Jedwali lifuatalo pia ni la kubuni, kwa ajili ya mazoezi. Limehesabu majibu yote, yaliyofaulu na yaliyoshindwa.

Jedwali la 2: Muda wa kujibu (sekunde) na maombi yaliyoshindwa

| Watumiaji | Thamani ya kati | Persentaili ya 95 | Yaliyoshindwa (asilimia) |
|---|---|---|---|
| 50 | 0.2 | 0.4 | 0 |
| 100 | 0.2 | 0.5 | 0 |
| 200 | 0.3 | 0.9 | 0 |
| 300 | 0.6 | 4.2 | 1 |
| 400 | 0.5 | 3.1 | 38 |

Mtu akisoma safu ya pili na ya tatu peke yake atasema kwamba mfumo ulipata nafuu watumiaji walipofika 400, kwa kuwa muda umepungua. Safu ya nne inatoa habari nyingine. Seva iliyolemewa huwakataa watu, na kukataa hakuchukui muda mrefu. Majibu hayo ya haraka ya kukataa yamechanganywa na majibu ya kweli na kuushusha muda. Ni sawa na karani anayewafukuza wakulima ili foleni ionekane fupi. Kwa hiyo jedwali lisilo na safu ya maombi yaliyoshindwa lisikubaliwe, na ni bora muda wa maombi yaliyofaulu uhesabiwe peke yake.

Aidha, chini ya kila jedwali yafaa yaandikwe mazingira ya jaribio: toleo la programu, aina ya seva, kiasi cha data iliyokuwamo, muda wa jaribio, na mahali ilipokuwapo kompyuta iliyotuma maombi. Jaribio lililofanywa katika chumba kimoja na seva jijini Dar es Salaam halikupima safari ya data hadi Bukoba, wala mtandao wa simu wa mwanafunzi.

Kutoka jedwali hadi grafu

Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha mafungu manne ya namba, kila fungu likiwa na jozi 11. Wastani wa mafungu yote ulikuwa sawa, na mistari iliyonyooka iliyokadiriwa kutokana nayo ilikuwa karibu sawa pia. Yalipochorwa, kila fungu lilikuwa na umbo lake tofauti kabisa. Funzo lake ni kwamba muhtasari wa namba hautoshi. Hapana budi kuchora.

Kwa jaribio la programu, grafu tatu hufaa zaidi. Ya kwanza ni ya mstari: watumiaji kwenye mhimili wa ulalo, muda kwenye mhimili wa wima, na mistari miwili, mmoja wa thamani ya kati na mmoja wa persentaili ya 95. Mistari hiyo inapoachana, kama ilivyo kwenye watumiaji 300 katika Jedwali la 2, tujue kuna kundi linaloumia. Ya pili huonyesha muda wa kujibu kwa kila dakika ya jaribio. Hiyo hufichua seva inayoanza vizuri na kuchoka baadaye, labda kwa sababu kumbukumbu yake inajaa. Ya tatu ni histogramu, yaani nguzo zinazoonyesha ni maombi mangapi yaliangukia katika kila kipimo cha muda.

Mhimili wa wima uanze kwenye sifuri, vipimo vitajwe, na grafu za matoleo mawili yanayolinganishwa zitumie mizani moja ya vipimo. Kinyume cha hayo, tofauti ndogo itaonekana kama mlima, au mlima utaonekana kama kichuguu. Kazi ya kuchora yaweza kufanywa na LibreOffice Calc au gnuplot, na JMeter yenyewe huweza kutoa ripoti yenye grafu. Hata hivyo programu hizo huchora kile zilichoagizwa. Uamuzi wa nini kionyeshwe unabaki kwa binadamu.

Umuhimu wa uamuzi huo ulionekana Marekani tarehe 1 Oktoba 2013, ilipofunguliwa tovuti ya serikali ya kujiandikisha bima ya afya. Watu wengi mno waliifungua siku hiyo, na kumbukumbu zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba siku ya kwanza waliofaulu kukamilisha kujiandikisha walikuwa 6 tu.

Zoezi kwa shule

Shule isiyo na kompyuta yaweza kulifanya somo hili kwa saa na daftari. Wanafunzi wapime muda ambao kila mmoja wa wenzao 40 anangoja kwenye bomba la maji au kwenye mlango wa bwalo, na waandike pia idadi ya wale waliokata tamaa na kuondoka. Kisha watafute wastani na thamani ya kati, wazipange namba hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, wamtazame mtu wa 38 ambaye ndiye persentaili ya 95 ya kundi lao, na wachore histogramu. Mwisho walijibu swali hili: kama mkuu wa shule angeonyeshwa wastani peke yake, angeamua kuongeza bomba la pili au asingeongeza? Na je, akionyeshwa grafu yote, uamuzi wake ungekuwa uleule?