Kuacha Kampala ili Kusoma: Je, ni Kurudi Nyuma?

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa masomo tunaongea juu ya jambo ambalo limeleta maneno mengi ndani ya familia. Kijana amefika Kampala, amesoma kwa taabu, amepata digrii. Halafu siku moja anapiga simu: “Mama, nataka kuondoka Kampala, niende mji mdogo kusoma masta.” Wazazi wengi wakisikia hivyo wanashika kichwa. Wanasema, tuliuza mbuzi ili ufike mjini, sasa unarudi porini kufanya nini?

Sisi walimu wa kujitolea tumeulizwa swali hili mara nyingi. Sisi wenyewe tumeishia sekondari, kwa hiyo hatukutaka kujibu kwa kubahatisha. Tuliamua kumfuata dada mmoja wa kambini kwetu ambaye amefanya hivyo. Wakati wa likizo tulipanda basi mpaka Kasese, na kutoka hapo tukaenda naye Bwera. Jina lake hatuliandiki, maana ametuomba hivyo. Lakini alitukubalia tuwaeleze mambo yake, ili yasaidie wengine.

MASOMO HAYAKO KAMPALA PEKE YAKE

Zamani hapa Uganda mtu akisema “chuo kikuu” watu walielewa Makerere, iliyoanza mwaka 1922. Leo si hivyo. Mbarara kuna chuo kikuu cha serikali cha sayansi na teknolojia tangu mwaka 1989, na kinajulikana sana kwa udaktari na afya ya jamii. Fort Portal kuna chuo kikuu cha Mountains of the Moon. Kilianza mwaka 2005 kwa nguvu za watu wa huko, na mwaka 2022 kikawa cha serikali. Hata ndani ya wilaya ya Kasese, pale Katwe penye ziwa la chumvi, kuna chuo cha utafiti na mafunzo ya wanyamapori kinachotoa cheti na diploma. Ndiyo, kuna Katwe mbili. Ile ya Kampala ambako ndugu zetu wengi wamepanga vyumba, na hii ya Kasese ambako watu wanatoa chumvi ziwani kwa mikono.

Dada yetu alisoma mambo ya afya Kampala. Kila asubuhi alikuwa anatafsiri Kiswahili na Kifaransa kwenye kliniki moja, mchana anakwenda darasani, jioni anakaa kwenye foleni ya magari. Mnajua kwamba mkimbizi anayeishi Kampala anajitegemea, chakula cha msaada kinatolewa huku kambini. Kwa hiyo pesa yote iliishia kwenye kodi, teksi na chakula. Alituambia: “Nilikuwa nachoka kabla sijafungua kitabu.”

Alipotaka kuendelea na masta ya afya ya jamii, alipata nafasi katika chuo kimoja cha huku magharibi. Darasani anakwenda kwa vipindi, siku chache mfululizo, halafu anarudi kwenye utafiti wake. Na utafiti wake unahusu afya ya watu wanaovuka mpaka. Sasa mtu anayetafiti mpaka atakaa Kampala afanye nini? Mpaka uko Mpondwe, karibu na Bwera.

MAMA ALIVYOKATAA

Hapa ndipo shida ilianza. Mama yake tunamjua, ni jirani yetu. Aliposikia neno Bwera alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akampigia simu bintiye: “Mwanangu, tulipita hapo usiku tukikimbia, wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Leo unataka kulala hapo hapo?”

Wengi wetu tunamwelewa mama huyu. Sisi tuliotoka upande wa Beni na Butembo, mpaka ule tunaujua kwa miguu. Na si mambo ya zamani tu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari pale Mpondwe wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Na mjini Kasese, Novemba 2016, kulikuwa na mapigano kwenye ikulu ya mfalme wa Rwenzururu na watu wengi walikufa. Kwa hiyo mtu akisema mji mdogo ni mtulivu, mzazi ana haki ya kuuliza, utulivu gani?

Binti hakumjibu mama kwa ukali. Alimwomba baba mdogo akae katikati yao. Wakaongea kwa wiki tatu. Mwisho walikubaliana hivi: atapanga chumba mjini Kasese, siyo Bwera. Bwera atakwenda siku za kazi ya utafiti tu, mchana, na atarudi kabla ya giza. Ikibidi alale huko, atalala kwa familia ambayo baba mdogo anaifahamu. Na kila jioni atampigia mama simu, hata kama ni dakika moja. Wakisikia habari mbaya za mpaka, anasimamisha kazi, anangoja.

Tunawaeleza haya kwa urefu kwa sababu familia nyingi zinavunjika kwenye hatua hii. Mzazi anakataa, kijana anaondoka kwa siri, halafu simu zinakatika. Hawa walitafuta njia ya katikati, na kila mmoja aliacha kitu.

KASESE NA BWERA ZIKOJE

Kutoka Kampala mpaka Kasese ni zaidi ya kilomita 350. Mji uko chini ya milima ya Rwenzori, na joto lake si la kitoto. Ulikua kwa sababu ya shaba ya Kilembe. Reli ilifika mwaka 1956 kubeba shaba hiyo. Leo treni haipo, lakini mji upo, na soko lake lina kila kitu cha lazima. Dada anasema pesa aliyokuwa analipa chumba kimoja Kampala, Kasese inamlipia chumba, sehemu ya kupikia na kibaraza cha kusomea. Kwenda sokoni ni kwa miguu.

Kutoka Kasese kwenda Bwera ni kilomita 50 na kitu. Barabara inashuka kusini ikipita kwenye mbuga ya Queen Elizabeth, karibu na mstari wa ikweta, na pale Kikorongo inakata kulia kuelekea Congo. Bwera yenyewe ni mji wa biashara. Kahawa inashuka kutoka milimani, vitenge na mafuta ya mawese vinakuja kutoka ng’ambo. Ukisimama sokoni utasikia Kiswahili, Kifaransa kidogo, na Lhukonzo kila upande.

Na hapa tuna jambo la kuwafurahisha. Lhukonzo cha Kasese na Kinande cha Beni na Butembo ni kama ndugu wa tumbo moja. Dada yetu Kampala alikuwa mgeni, Luganda ilimchukua miaka. Bwera alisalimia kwa Kinande cha bibi yake, na mama muuza mihogo akamjibu kama anamjibu mtoto wa nyumbani. Kwa utafiti hiyo ni faida kubwa. Mgonjwa anaongea naye moja kwa moja, hakuna mkalimani katikati.

Utafiti wenyewe una maana kwetu sote. Juni 2019, wakati Ebola ilikuwa inaua watu Kivu ya Kaskazini, mtoto wa miaka 5 aliyevuka na familia yake kutoka Congo alikutwa na ugonjwa huo akafia hospitali ya Bwera. Ndiye alikuwa mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Uganda katika mlipuko ule. Watu wa mpakani walikuwa wamejiandaa, ugonjwa haukuenea nchini. Dada anataka kujua akina mama wanaovuka kwenda soko wanaamua vipi kwenda hospitali au kubaki nyumbani. Swali hilo huwezi kulijibu ukikaa maktaba ya Kampala.

YALIYO MAGUMU

Msifikiri kila kitu ni asali. Tulimuuliza atuambie na mabaya, akatuambia.

Kwanza, kazi ndogo ndogo hakuna. Kampala alipata pesa ya kutafsiri, Kasese watu wanaojua Kiswahili ni wengi, nani atakulipa? Alikuja na akiba ya miezi sita, na mwezi wa tano alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku mpaka alipopata kufundisha watoto wa jirani jioni.

Pili, upweke. Kampala alikuwa na wenzake wa kanisani na wa kambini. Hapa miezi ya kwanza aliongea na simu tu. Tena umeme ukikatika, simu nayo inazima.

Tatu, karatasi. Utafiti unaohusu watu hauanzi hivi hivi. Lazima kamati ya maadili ya chuo ikubali, halafu kuna kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, halafu barua ya wilaya na ya hospitali. Kila ofisi ina siku zake na nyingine zina malipo. Yeye alingoja miezi, huku kodi inatembea.

Nne, maji. Mto Nyamwamba unaoshuka kutoka Kilembe ulifurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020. Nyumba zilikwenda na hospitali ya Kilembe iliharibika. Chumba cha bei rahisi karibu na mto kina sababu ya kuwa rahisi.

KABLA HUJAHAMA, ULIZA HAYA

Kutokana na tuliyoyaona, tumeandika maswali machache. Yanafaa kwa masta, lakini pia kwa kijana anayetafuta diploma au cheti.

1. Je, kozi hiyo inatambuliwa? Uliza Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Usiamini tangazo la ukutani.

2. Je, vyeti vyako vimelinganishwa? Aliye na diplome ya Leta kutoka Congo anaipeleka UNEB. Aliye na digrii ya nje anaipeleka kwa Baraza la Elimu ya Juu. Anza mapema.

3. Je, chuo kinamtoza mkimbizi ada ya raia au ada ya mgeni? Uliza na ujibiwe kwa maandishi. Tofauti inaweza kuwa kubwa.

4. Nani analipa? Msaada wa DAFI umesomesha maelfu ya wakimbizi duniani tangu mwaka 1992, lakini ni wa shahada ya kwanza. Masta inatafutiwa mlango mwingine. Usiseme “nitapata huko huko”.

5. Msimamizi wa utafiti yuko wapi? Kama yuko Kampala na wewe uko Bwera, mmekubaliana kuonana mara ngapi? Hesabu na nauli.

6. Karatasi za ukimbizi ziko sawa? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kusoma. Hata hivyo mwarifu komandanti wa kambi, chukua barua, tembea na kitambulisho. Familia nayo ijue jina lako linabaki wapi. Mnakumbuka uhakiki wa mwaka 2018 wa alama za vidole na macho, wengine walikuwa safarini na waliporudi walihangaika.

7. Nyumbani mtaishi vipi? Tangu mwaka 2023 chakula kinatolewa kwa makundi na wengi wamepunguziwa. Kijana aliyekuwa anatuma kitu kidogo kutoka Kampala akiacha kutuma, nani atalipa daftari za wadogo zake? Ongeeni kabla, siyo baada.

NENO LETU KWA WAZAZI

Sisi tunavyoona, kutoka Kampala kwenda mji mdogo si kurudi nyuma na si kwenda mbele. Inategemea unafuata nini. Kama kijana anakimbia kodi tu, kodi itamkuta na huko. Kama kozi ni ya kweli, kazi yake iko pale, na hesabu imefanywa, basi mji mdogo unaweza kumpa kile ambacho Kampala ilimnyima, yaani muda na akili ya kusoma. Kwenye shahada watu watasoma jina la chuo na la mwanafunzi. Hakuna atakayeuliza kama alikuwa anakaa karibu na maghorofa.

Na vijana, mzazi akikataa msimwite mjinga. Mama huyu tuliyemtaja alikwenda Kasese mara moja, akakaa siku nne, akaona chumba na kibaraza. Bwera alikataa kukanyaga. Mpaka leo, siku ambayo binti yuko mpakani, yeye halali mpaka simu ilie. Lakini mwezi uliopita alikuja shuleni kwetu na karatasi ya chuo, ameikunja kwenye kitambaa, akatuomba tumsomee ada iliyobaki. Tulimsomea. Akahesabu kwa vidole, akasema kuku watatu anaweza kuwauza, na nyingine atauliza kwenye kikundi cha akiba cha akina mama.

Mwenye swali juu ya vyeti au maombi ya chuo, aje shuleni Jumamosi asubuhi, aje na mzazi wake. Asiyejua kusoma barua za ofisi asione haya, tutasoma pamoja.

Tunawatakia masomo mema na amani nyumbani.

Walimu wenu wa kujitolea