Tuyapime Magugu Kabla ya Kuongeza Dawa

Mkulima anapopiga dawa na magugu yakabaki yamesimama, aghalabu hudhani kuwa dawa ilikuwa nyepesi, na msimu wa pili huongeza kipimo. Ikiwa magugu yenyewe yamekuwa sugu, hiyo ni hasara juu ya hasara.

Usugu si uchawi. Miongoni mwa magugu mengi huweza kuwamo machache ambayo kwa maumbile yake dawa fulani haiyaui. Mengine yakifa, hayo ndiyo yanayobaki kuzaa. Na dawa ileile ikirudiwa mwaka hadi mwaka, shamba zima hurithiwa na kizazi chake.

Mfano upo Marekani. Mwaka 2004, katika mashamba ya pamba ya jimbo la Georgia, ilionekana aina ya mchicha mwitu isiyokufa kwa glifoseti. Mwaka 2010 wataalamu walieleza kwamba mimea hiyo ilikuwa na nakala za jeni moja mara 5 hadi zaidi ya mara 160 kuliko ile inayokufa. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachoshambuliwa na dawa. Kimeng'enya kikizidi, dawa haiwezi kukizima chote.

Hapa ndipo ilipo faida ya kupima vinasaba. Njia ya zamani ni kungoja mbegu zikomae, zioteshwe, kisha miche ipigwe dawa: kazi ya wiki nyingi. Kwa kipande cha jani tu, maabara huweza kutoa jibu kwa siku chache, na mkulima akabadili mbinu kabla gugu halijamwaga mbegu. Hata hivyo, kipimo hiki huona mabadiliko yanayojulikana tu. Jibu la kutokuwapo usugu si hati ya usalama.

Mabonde ya mpunga ya visiwa vyetu si mengi kiasi cha kuyaachia magugu. Tunawahimiza wakuu wa kilimo waweke utaratibu wa mabwana shamba kukusanya majani ya magugu yaliyokaidi dawa na kuyafikisha maabara. Nanyi ndugu wakulima, wekeni kumbukumbu ya kila dawa mliyopiga, msirudie moja daima, na yang'oeni yaliyobaki kabla ya kuzaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huanza kwa mche mmoja.