Leseni Mkononi, Kazi Bado

Bima yenyewe wanazuoni wamekhitilafiana hukumu yake. Leo twanena juu ya kijana wa Morogoro aliyekwisha kupewa leseni ya kukadiria hasara na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Asitazamie riziki mitelemkoni mwa Uluguru. Nyumba na migomba ya huko ni nadra kukatiwa bima. Kazi i Msamvu, zikutanapo barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa. Aanze chini ya mkadiria mzoefu, kwani kampuni haimwiti isiyemjua. Hapo ndipo penye mtihani: mwenye lori azidisha hasara, kampuni yataka ipunguzwe, na bahasha i mezani. Suratun-Nisaa, aya ya 135, yaamrisha ushahidi wa haki hata juu ya nafsi. Basi apime chuma kilichopondeka, aandike alichokiona, bahasha airudishe.