Filamu ya kilio na kujilaumu: sisi wa Sange tunaielewa

Kuna filamu zinazotisha bila vita. Hofu yake inatoka ndani ya kichwa cha mtu aliyefiwa. Moja yenye kujulikana ni Don't Look Now, ya Nicolas Roeg, iliyotoka mwaka wa 1973. Mtoto msichana, amevaa koti nyekundu ya mvua, anazama ndani ya maji karibu na nyumba yao huko Uingereza. Wazazi walikuwa ndani. Kisha wanaenda Venice, mji wa Italia, ambako baba anatengeneza kanisa. Huko, katika vichochoro, anaona mtu mfupi mwenye koti nyekundu. Anamfuata. Kumbe si mtoto wake, na kumfuata kule kunamletea kifo.

Juu ya nini mtu mwenye akili timamu afuate koti? Aliyefiwa anaelewa. Ndani yake kuna swali lisilolala: «Kama ningekuwa pale?»

Hapa kwetu, katika bonde la Ruzizi, swali hilo tunalijua. Ilikuwa tarehe 2 Julai 2010, siku ya mechi za robo fainali ya Kombe la Dunia. Kamiyo ya mafuta ilipinduka katikati ya Sange. Mafuta yakamwagika, na watu, hata wanawake na watoto, wakakuja kuchota na bidoni. Wengine walikuwa ndani ya sine wanaangalia mpira. Moto ukawaka. Watu zaidi ya 230 walikufa, na wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja.

Baada ya msiba kama ule, aliyebaki anajihukumu. Nilimtuma na bidoni juu ya nini? Nilimpa feza ya kuingia sine juu ya nini? Hapo akili inatudanganya: inachukua kile tunachojua leo na kumhukumu nacho mtu wa ile jioni, ambaye hakujua kitu.

Tuangalie moto wenyewe. Esansi ikimwagika inatoa mvuke usioonekana, mzito kuliko hewa, unaotambaa chini mpaka mbali. Jiko, sigara au injini moja inatosha kuuwasha. Ndiyo sababu hata aliyesimama mbali, asiyegusa bidoni, anaweza kuungua. Mzazi aliyemruhusu mtoto aende kuangalia mpira hakumtuma kwenye moto.

Tunapenda kusema «majuto ni mjukuu». Methali hiyo ni ya kumwonya mtu mbele ya tendo. Ukimwambia mwenye kilio, unamwongezea mzigo. Afazali ukae naye, umuache aseme yote, hata kama ni mara ya kumi, bila kumkatiza haraka kwamba ni mapenzi ya Mungu. Na kama miezi inapita halali, hali chakula, ao anasema yeye pia afazali afe, msimwache peke yake. Mumpeleke kwenye kituo cha afya. Huo si wazimu wala aibu.

Na kamiyo ya mafuta ikipinduka tena kwenye barabara yetu ya Uvira, tukimbie mbali, tuzime majiko, tuite watoto. Kile ambacho wazazi wa 2010 hawakukijua, sisi leo tunakijua.