Draiva ni Mjumbe: Kumtafuta Mkosaji Halisi Kadi ya Mtumba Inapoangusha Gemu

Kadi ya grafiki ya mtumba inaweza kuwaka vizuri kabisa na bado ikawa na ugonjwa. Unaichomeka, kompyuta inaamka, Windows inafunguka, video zinacheza bila kukwama. Kisha unafungua gemu, na baada ya dakika chache kioo kinakuwa cheusi. Kikirudi, unakuta ujumbe kwamba draiva ya kadi iliacha kujibu. Mwenye kompyuta anapakua draiva mpya. Ikishindikana anatafuta ya zamani. Ikishindikana tena anafuta Windows yote na kuanza upya, na wakati huo siku alizopewa na muuzaji za kurudisha kadi zinayoyoma.

Namwandikia mtu huyo, maana fedha aliyotoa mara nyingi ni akiba ya miezi, na nguvu zake anazimalizia mahali pasipo tatizo. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Draiva, katika mkasa huu, mara nyingi ndiyo mjumbe.

Tuanze na ujumbe wenyewe, kwa sababu ndio unaopotosha. Tangu enzi za Vista, Windows ina utaratibu wa ulinzi unaoitwa TDR. Kadi hupewa kazi. Isipoimaliza wala kuiachia ndani ya sekunde mbili, Windows huhesabu kuwa imeganda. Hapo huiamsha upya kadi pamoja na draiva yake, na kuandika tukio namba 4101 kwenye Event Viewer, daftari ambamo Windows huweka kumbukumbu za yaliyoipata. Jaribio la kuiamsha likifeli, unapata skrini ya buluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE. Ukiisoma taarifa hiyo utaona jina la faili la draiva, kama vile nvlddmkm kwa kadi za NVIDIA, na ni rahisi kuhitimisha kwamba faili hilo ndilo bovu. Lakini TDR inachojua ni kwamba kadi haikujibu kwa wakati. Haijui kama ilinyamaza kwa sababu umeme ulipungua, kumbukumbu yake ilisoma namba isiyo sahihi, joto lilizidi, au ni draiva kweli iliyokosea. Wapo wanaoshauri kurefusha zile sekunde mbili kwa kubadili thamani ya TdrDelay kwenye rejista ya Windows. Kwa mchezaji wa gemu, ushauri huo hurefusha tu muda wa kukaa mbele ya picha iliyoganda.

Kisa cha mwaka 2024 kinaonyesha jinsi ujumbe unavyoweza kumtaja asiyehusika. Wachezaji wengi wa gemu zilizotengenezwa kwa Unreal Engine walikuwa wakitupwa nje na kuambiwa kumbukumbu ya video imekwisha, ilhali kadi zao zilikuwa na kumbukumbu tele. Kila aliyesoma maneno hayo aliitazama kadi yake kwa jicho baya. Mkosaji alikuwa prosesa: baadhi ya Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikijipa volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole, kisha zikakosea mahesabu wakati wa kufungua data za gemu. NVIDIA ikawaelekeza watu kwa Intel. Mwezi Agosti mwaka huo Intel ilitoa marekebisho ya BIOS kwa ajili ya prosesa hizo, na ikaongeza udhamini wake kwa miaka miwili. Waliokuwa wamebadilisha kadi kwa kuamini ujumbe ule walipoteza fedha zao.

Kwa hiyo kabla ya dawa, tazama namna ya kuanguka. Gemu ikifungwa peke yake na kukurudisha kwenye Windows, huku kompyuta ikiendelea kama kawaida, orodha ya washukiwa ni ndefu: faili za gemu, draiva, RAM, hata prosesa. Kioo kikizima na feni za kadi zikaanza kuvuma kwa nguvu zote huku sauti ya gemu ikiendelea kidogo, kadi yenyewe imezimia. Kompyuta nzima ikijizima au kujiwasha upya ghafla, bila skrini ya buluu, anza na umeme. Event Viewer itakuwa na tukio namba 41 la Kernel-Power, ambalo maana yake ni kwamba Windows ilikatwa bila kuagwa. Halithibitishi ubovu wa pawa saplai, ila linakuambia usipoteze jioni yako kwenye draiva.

Alama moja inamaliza mjadala. Ukiona madoa, mistari au vipande vya rangi kwenye nembo ya kompyuta inapowaka, au ndani ya BIOS, kabla Windows haijaanza, basi draiva haina kesi ya kujibu, kwa kuwa bado haijapakiwa. Hapo mara nyingi kinachougua ni kumbukumbu ya kadi, au chipu yake, au viungo vya risasi vilivyo chini yake. (Wanaoiweka kadi kama hiyo kwenye oveni ya jikoni waache. Ikipona, hupona kwa muda mfupi, na moshi wake si wa kuvutwa na watu wanaokula chakula kilichopikwa humo.)

Sasa nichukue mfano mmoja, Radeon RX 580, iliyotoka Aprili 2017. Ni kadi ambayo bado inauzwa sana ikiwa imetumika, na ndani yake yamo karibu matatizo yote ninayoyazungumzia.

Kwetu kadi hii mara nyingi inaishia kwenye kompyuta ya ofisini iliyotumika, zile Dell na HP zinazouzwa Kariakoo au katikati ya Nairobi. Ni mashine imara na za bei nafuu, lakini zilijengwa kwa kazi za karani. Dell OptiPlex 7010 ya mnara ina pawa saplai ya wati 275 kwa mashine nzima. RX 580 peke yake imepangiwa wati 185. Zaidi ya hapo, pawa saplai hiyo haina waya wa pini 6 wala 8 wa kulisha kadi, kwa hiyo fundi anaunganisha kigeuzi kutoka plagi ya SATA, ile ya diski. Sloti ya mazabodi inatoa hadi wati 75, kwa hiyo zaidi ya wati 100 zilizobaki lazima zipite kwenye waya huo. Plagi moja ya SATA imeruhusiwa wati 54 kwenye njia yake ya volti 12. Ukiwa kwenye Windows hakuna shida, kwa sababu kadi inakula kidogo. Gemu inapoanza, kadi inadai mgao wake wote, volti inashuka, na plagi inapata joto. Plagi hizo huyeyuka, na moto ni jambo linalowezekana. Hapa siwezi kulegeza kauli: kigeuzi cha SATA kisitumike kulisha kadi ya namna hii, hata kwa majaribio ya usiku mmoja. Anayetaka kubadilisha pawa saplai aangalie kwanza plagi ya mazabodi yake. OptiPlex 9020, kwa mfano, hutumia ya pini 8 badala ya zile 24 za kawaida.

Ipo njia ya kuupima umeme bila kununua chochote. Kwenye programu ya AMD, au MSI Afterburner, punguza kiwango cha nguvu ambacho kadi inaruhusiwa kula, na ndani ya gemu weka kikomo cha fremu 30 kwa sekunde. Kama gemu iliyokuwa ikianguka ndani ya dakika kumi sasa inamaliza saa nzima, umejifunza kwamba tatizo linafuata mzigo. Ama ni umeme, ama joto, ama chipu isiyohimili tena mwendo wake. Joto ni rahisi kulitenga: GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, inaweza kuandika kipimo kila sekunde kwenye faili, nawe ukasome namba za mwisho kabla ya kuanguka. Vumbi likisafishwa na grisi iliyokauka ikibadilishwa, kadi nyingi hupumua, na katika miji ya pwani kazi hiyo isingoje tatizo lijitokeze.

Jambo la pili kuhusu RX 580 ni historia yake. Kadi za familia hii zilipendwa mno na wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliachana na uchimbaji, na kadi za wachimbaji zikamwagika sokoni. Wengi huogopa kwamba zimechoka kwa kufanya kazi usiku na mchana. Mimi naogopa zaidi kilichoandikwa ndani yake. Wachimbaji walikuwa wakibadilisha BIOS ya kadi ili kumbukumbu ifanye kazi kwa muda finyu kuliko ilivyokusudiwa na kiwanda. Katika uchimbaji, kosa dogo la kumbukumbu hupoteza hesabu moja na kazi inaendelea. Katika gemu, kosa hilohilo linaweza kuiangusha.

Hapa ndipo draiva inaposingiziwa vibaya zaidi. Draiva za AMD hukagua sahihi ya BIOS ya kadi. Zikikuta imebadilishwa, hukataa kufanya kazi, na Device Manager inaonyesha kosa namba 43. Wachimbaji walilikwepa hilo kwa programu ndogo inayozima ukaguzi huo kwenye draiva. Kadi iliyojaribiwa mbele yako kwenye mashine ya namna hiyo itaonekana nzima. Unafika nyumbani, unaweka draiva safi kutoka kwa AMD kama inavyotakiwa, na kadi inakataliwa. Mtu aliyefanya kila kitu kwa usahihi anabaki akiamini kwamba draiva mpya ndiyo iliyoua kadi yake.

Tiba ipo. Matoleo mengi ya kadi hii yana swichi ndogo ubavuni inayochagua kati ya BIOS mbili, na mara nyingi mchimbaji aligusa moja tu. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, sogeza swichi, ujaribu tena. Kama hakuna swichi, BIOS ya kiwanda inaweza kurudishwa, lakini lazima iwe ya toleo lilelile na ya kumbukumbu ya mtengenezaji yuleyule, awe Samsung, Hynix, Micron au Elpida. GPU-Z inakuonyesha jina hilo, na inakuwezesha kuhifadhi nakala ya BIOS iliyopo. Usiandike chochote kabla ya kuhifadhi nakala hiyo.

Ukiwa umeifungua GPU-Z, tazama idadi ya viini vya kuchora, pale panapoandikwa Shaders. RX 580 kamili ina 2304. Ipo nyingine yenye 2048, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Uchina, ambayo kwa nguvu ni sawa na RX 570. Si mbovu, ila haistahili bei ileile. Kibaya zaidi ni kadi kuukuu za NVIDIA zilizoandikiwa BIOS ya uongo zijiite GTX 1050 Ti. Hizo huanguka mara draiva ya kweli inapoingia, kwa kuwa draiva inajaribu kuendesha chipu isiyokuwapo. Tangu 2018 GPU-Z huzitambua nyingi na kuziandika kuwa bandia.

Draiva nayo ina makosa yake ya kweli, na hayo yana dalili zake. Aliyehama kutoka NVIDIA kwenda AMD bila kusafisha huacha mabaki. Windows Update nayo hupenda kupachika draiva yake wakati wewe unasakinisha yako. Kwa hiyo pakua kwanza draiva kutoka kwa mtengenezaji, kata intaneti, ingia Safe Mode, futa draiva ya zamani kwa Display Driver Uninstaller, kisha sakinisha mpya, na intaneti irudi mwishoni. Fanya hivyo mara moja, kwa makini. Tatizo likirudi vilevile, achana na draiva. Kujaribu ya tano na ya sita ni kuzunguka palepale. Jambo jingine ni umri: NVIDIA iliacha kutoa draiva mpya za gemu kwa kadi za kizazi cha Kepler, yaani nyingi za GTX 600 na 700, mwezi Oktoba 2021, na mwaka huohuo AMD ikaziweka kando kadi zilizotangulia RX 400. Kadi ya namna hiyo inaweza kuwa nzima kabisa na bado gemu mpya ikaikataa.

Jaribio lenye nguvu kuliko yote ni la kubadilishana. Peleka kadi kwenye kompyuta ya rafiki yenye pawa saplai ya kutosha, na kwenye yako rudisha kadi ya zamani. Tatizo likihama pamoja na kadi, umepata jibu. Likibaki kwako, kagua RAM kwa MemTest86, na rudisha mipangilio ya BIOS ya mazabodi kama ilivyotoka kiwandani. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike saa ya kila anguko, uilinganishe na Event Viewer. Anayebadilisha draiva, waya na mipangilio ya gemu katika jioni moja, hata akipona, hatajua alichotibu.

Vipimo hivi vifanywe siku ya kwanza: GPU-Z, nusu saa ya gemu nzito, na memtest_vulkan kwa kumbukumbu ya kadi. Vikionyesha ubovu, piga picha za GPU-Z, za matokeo ya memtest_vulkan, na za skrini ya BIOS kama ina madoa. Mrudie muuzaji nazo kabla muda mliokubaliana haujaisha, na umwombe aichomeke kadi kwenye mashine yake mwenyewe, yenye draiva isiyochezewa, mkiwa mmesimama wote wawili.