Pikipiki Haina Bodi

Simama asubuhi mapema kando ya barabara kuu pale Kikatiti uangalie tu. Malori yanatoka upande wa Moshi na shehena zao. Mabasi yanakwenda Dar es Salaam. Magari ya watalii yanakimbilia uwanja wa ndege wa KIA, maana ndege haimngoji mtu. Haisi zinagombea abiria wa Usa River, Tengeru na Arusha mjini. Watoto wa shule wanangoja kuvuka. Na katikati ya hayo yote wanapita vijana wa bodaboda. Mmoja amebeba mama na mtoto, mwingine mikungu ya ndizi, mwingine madumu ya maziwa.

Vyombo hivi vyote vinatumia lami ile ile, lakini havina nguvu sawa. Katika nchi za Afrika Mashariki lori lenye mzigo linaruhusiwa kufika tani 56. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina kilo mia moja na ushee. Tufanye hesabu kidogo. Tani 1 ni kilo 1,000. Kwa hiyo lori moja zito ni sawa na pikipiki kama 500 zilizorundikwa pamoja. Vitu hivi viwili vikigusana, hakuna haja ya kuuliza ni kipi kitakachoumia.

Tena mtu aliye ndani ya gari amezungukwa na bati, milango na mkanda. Gari likigonga, bati ndilo linalopigwa kwanza. Pikipiki haina bodi. Bodi yake ni mwili wako wewe uliyepanda. Goti lako ndilo bampa.

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1970 na 1980. Pikipiki kijijini ilikuwa ya padri au mchungaji, bwana shamba, au bwana afya. Ilisikika ikija kutoka mbali, na watoto waliikimbilia kuiona. Jina boda boda lenyewe lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana wa baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Baadaye, katika miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zikaingia kwa wingi. Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ikatoa kanuni za kuzipa leseni pikipiki na bajaji zinazobeba abiria. Leo mama mjamzito wa huko juu Sakila, au mgonjwa wa usiku, mara nyingi hana usafiri mwingine. Kwa hiyo mtu asiyekubali kupanda pikipiki kabisa atabaki nyumbani. Sisi tutapanda. Ila tujue tunapanda nini.

KWA NINI DEREVA HAKUONI

Watu husema, "Dereva yule alimwona kabisa akamgonga makusudi." Mara nyingine ni kweli dereva ni katili. Lakini mara nyingi ukweli ni mbaya kuliko huo: hakumwona.

Dereva anayetaka kuingia barabara kuu kutoka njia ya vumbi huangalia kulia na kushoto upesi upesi. Macho yake yanatafuta vitu vikubwa, yaani basi, lori, au gari dogo. Pikipiki inayokuja mbele yake ni kitu chembamba. Kitu chembamba huonekana kama kiko mbali na kinakwenda polepole, kumbe kiko karibu na kinakimbia. Dereva anasema moyoni, "Nitawahi," anaingia. Hapo ndipo ajali nyingi huzaliwa.

Tena gari lina nguzo mbili zinazoshika kioo cha mbele. Funga jicho moja, kisha weka kidole chako karibu na jicho lililo wazi. Kidole hicho chembamba kitaficha nyumba nzima ya jirani yako. Basi nguzo ya gari nayo huficha pikipiki pamoja na watu wake. Dereva makini hutikisa kichwa mbele na nyuma ili aone pande zote za nguzo. Dereva mzembe haangalii mara mbili, na siku hizi jicho moja liko kwenye simu.

Kwa lori ni vibaya zaidi. Dereva wake amekaa juu sana. Haoni kilicho chini ya pua ya lori, wala kilicho nyuma karibu na tela. Upande wa kushoto, ule wa utingo, ana sehemu kubwa asiyoiona hata kidogo. Vijana wetu wanapenda kupenya upande huo wakati lori limesimama au linakwenda taratibu kwenye matuta. Lori likikata kona ya kushoto, limewafunika. Kuna njia rahisi ya kujipima. Angalia kioo cha pembeni cha lori. Kama huuoni uso wa dereva katika kioo kile, basi naye hakuoni wewe.

OVATEKI

Barabara ya Arusha na Moshi ilipopanuliwa kuwa njia nne, kazi ile ilianza Sakina ikaishia Tengeru. Dereva anayetoka mjini amezoea nafasi. Akishapita Tengeru anakuta njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, naye bado ana mwendo ule ule wa njia nne. Mbele yake kuna lori linalojikokota. Anatoka kulipita. Anakuona wewe unakuja na pikipiki, lakini harudi nyuma. Anakuwashia taa. Maana ya taa zile ni moja tu: toka barabarani. Kama angekuwa anakuja mwenzake mwenye lori, angerudi haraka sana. Kwako wewe anaona ukingo wa lami unakutosha.

Kwa maoni yangu, huu ndio uzembe mkubwa kuliko wote katika barabara yetu, na hausemwi vya kutosha. Tunawasema vijana wa bodaboda kila siku. Tuwaseme na hawa. Kwa sheria, mwenye pikipiki ana haki ya upande wake wa barabara sawasawa na mwenye basi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikusema kwamba mdogo ahame ili mkubwa apite.

Lakini haki haifungi breki. Ukiona taa zile, punguza mwendo mapema, ukiwa bado kwenye lami, kwa breki zote mbili, pikipiki ikiwa imesimama wima. Ukishashuka kwenye changarawe usibane breki ya mbele, maana gurudumu litateleza. Achia mafuta, shika usukani sawa, angalia mahali unapotaka kwenda. Usiangalie mtaro. Ukiutazama sana mtaro, utaingia humo.

Siku zote usiendeshe kwenye ukingo kabisa wa lami. Ukikaa pale ukingoni, dereva wa nyuma anadhani umempa njia, anakubana. Kaa ndani kidogo, kama meta moja kutoka ukingoni, ili uwe na mahali pa kukimbilia. Na basi kubwa likikupita, kumbuka upepo wake. Kwanza unakusukuma, halafu unakuvuta. Mwenye magunia au mikungu ya ndizi iliyotokeza huku na huku anayumba sana.

MWENDO

Mahali penye makazi ya watu, sheria inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Wewe uliyemaliza kisomo unaweza kusoma kibao chenye namba 50. Sasa fikiria uwanja wa mpira, kutoka goli hadi goli, kama meta 100. Gari la mwendo wa kilomita 50 linaumaliza uwanja ule kwa sekunde 7 hivi. La kilomita 100 linaumaliza kwa sekunde zisizofika 4. Mtu akishtuka, sekunde moja nzima hupita kabla mguu haujafika kwenye breki.

Kuna jambo lingine ambalo madereva wengi hawalijui. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hauzidi mara mbili, unazidi mara nne. Ndiyo maana dereva husema kwa mshangao, "Nilifunga breki lakini wapi!" Alifunga kweli. Ila alikuwa ameshachelewa tangu alipopita kile kibao.

Usiku mambo hubadilika. Lori lililoungua taa moja huonekana kama pikipiki mwenzako. Unampisha kidogo tu, kumbe nyuma ya taa ile kuna upana wa lori zima. Ukiona taa moja, mpe nafasi ya gari zima. Lori bovu nalo huachwa barabarani bila pembe tatu inayong'aa, limewekewa matawi ya miti tu nyuma. Matawi hayang'ai. Na mvua ikianza kunyesha, zile dakika za mwanzo ndizo mbaya, kwa sababu vumbi na mafuta juu ya lami huwa kama sabuni. Subiri kidogo kwenye baraza la duka.

Tusiwatetee vijana wetu kupita kiasi. Wapo wanaobeba mshikaki, abiria watatu juu ya kiti kimoja. Breki haiwezi kuwasimamisha wote hao. Wapo walioanza kazi baada ya kufundishwa na rafiki jioni mbili tatu, bila leseni. Pikipiki nyingi si za vijana wenyewe, wanapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na njaa ya hesabu ndiyo inayokimbiza gurudumu. Kwa hiyo wewe mwenye pikipiki uliyeikodisha, nawe umo barabarani hata ukiwa umelala kwako.

ABIRIA NAYE

Abiria wengi hukaa kimya kama mzigo. Si sawa. Wewe ndiye unayelipa. Una haki ya kusema, "Mwanangu, punguza." Asiposikia, mwambie asimame ushuke. Kijana hawezi kumkatalia mama wa umri wa mamaye, na akikataa, kijiwe chake kitamjua.

Dai helmeti. Vijana wengine huwa nayo moja, tena wameitundika kwenye kiwiko. Kiwiko hakina ubongo. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha kuwa helmeti huokoa karibu watu 4 katika kila 10 ambao wangekufa, na huzuia karibu majeraha 7 ya kichwa katika kila 10. Ganda la nje hutawanya pigo, na sifongo ngumu ya ndani hulipunguza, kama yai ndani ya kikapu chenye majani makavu. Lakini kamba ya kidevuni isipofungwa, helmeti huruka kabla kichwa hakijafika chini. Akina mama wanaochukia jasho la wenzao wavae kitambaa safi ndani yake. Helmeti iliyokwisha kupigwa vibaya mara moja haifai tena, hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Kanga, kitenge na shuka vifungwe vizuri. Ncha ya nguo ikiingia kwenye mnyororo au spoku, inakuvuta mzima mzima. Kukaa upande hakukupi mahali pa kujishika. Mtoto asiwekwe mbele juu ya tangi. Na ukishuka, angalia bomba la moshi. Makovu ya moto kwenye miguu ya wanawake wengi yametoka hapo.

IKITOKEA AJALI

Watu wetu wana huruma, na huruma yao huweza kuua. Humwinua majeruhi kwa mikono na miguu, wakamweka katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, mbio hospitali. Kama shingo au mgongo umevunjika, hapo ndipo anapopooza. Kwanza zuieni magari. Mwacheni alale, mmoja ashike kichwa kisigeukegeuke. Msimvue helmeti kama anapumua vizuri. Damu ikitoka sana, bana pale pale kwa kitambaa safi, usiachie. Usimpe chai wala maji. Tafuteni gari lenye nafasi ya kumlaza juu ya ubao au mlango. Sisi wa Kikatiti tuko kati ya Mount Meru iliyoko Arusha na KCMC iliyoko Moshi, na simu ya polisi ya dharura ni 112.

Aliyegonga kichwa akaamka na kusema "mimi mzima" aangaliwe hadi kesho yake. Akianza kutapika, kuumwa sana kichwa, au kusinzia ovyo, apelekwe hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Na hapa kalamu yako ina kazi. Gari likimgonga mtu au likimsukumia mtaroni, mara nyingi halisimami. Andika namba yake upesi, hata kwenye kiganja. Gari huanza na herufi T, kisha tarakimu tatu na herufi tatu. Pikipiki huanza na MC. Andika pia rangi, saa, mahali, na upande lilikoelekea. Peleka kituo cha polisi cha karibu, nao watatoa fomu namba 3, ile PF3, kwa ajili ya majeruhi.

Kila chombo cha moto kinatakiwa kuwa na bima, angalau ile tunayoiita bima ndogo, ambayo kazi yake ni kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa. Wengi wamezika watu wao na kuuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu bila kujua kwamba walikuwa na haki ya kudai. Kwa namba ya gari, polisi na TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, wanaweza kujua gari lile lina bima ya kampuni gani. Bila namba, hakuna wa kumdai. Kwa hiyo tunza kile kikaratasi, pamoja na PF3 na risiti zote za hospitali, ndani ya bahasha moja.