Kijana, soma msimbo wa wenzako

Vijana wanaojifunza kuandika programu wana swali lao: nianze na lugha gani? Python, Java, JavaScript, yoyote itakufikisha ukidumu nayo. Tabu iko kwingine. Mtu anatazama video, anamfuata mwalimu mstari kwa mstari na programu inakubali. Siku akiachwa peke yake, anakwama.

Dawa ninayoiamini ni kusoma msimbo mkubwa ulioandikwa na wengine, unaotumika kweli. Ukiajiriwa, mara nyingi hupewi mfumo mpya uuanze. Unakabidhiwa ulioandikwa na watu waliokwisha kuondoka, unaambiwa urekebishe.

Chukua OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Ulianza mwaka 2004, kliniki za UKIMWI za Eldoret, Kenya, zilipokuwa zikielemewa na wagonjwa, na leo unatumika katika nchi nyingi. Msimbo wake wa Java uko wazi kwenye GitHub, bure. Tafuta humo namna taarifa ya mgonjwa inavyoondolewa. Mwanafunzi angeifuta tu, basi. Waandishi wa OpenMRS kwa kawaida huibakiza, wakaiwekea alama kwamba imebatilishwa, nani kaibatilisha, lini na kwa sababu gani. Ukijiuliza kwa nini wamejisumbua hivyo, utaelewa: kesho daktari anaweza kuhitaji kujua kipimo cha jana kilisomekaje kabla hakijasahihishwa. Hilo hulipati kwenye video ya dakika 20.

Soma pia ujumbe wa hitilafu. Wengi wakiona maandishi mekundu hunakili yote na kuyabandika kwenye programu ya akili mnemba. Katika Python, anza na mstari wa mwisho: ndio unaotaja kosa. Panda juu kidogo utakuta jina la faili na namba ya mstari. Akili mnemba itumie, ni msaada mkubwa, lakini usipeleke kazini mstari usioweza kuueleza mbele ya wenzako.

Ukishazoea kusoma, changia mradi kama huo. Mchango wa kwanza uwe mdogo: maelezo yaliyopitwa na wakati, jaribio linalokosekana, tafsiri ya Kiswahili iliyopotoka. Mkaguzi wa mradi akikurudishia mchango wako na maswali, usinune wala usikimbie. Jibu, rekebisha, upeleke tena. Mwajiri akitaka kuona kazi yako, mfungulie ukurasa wa mchango huo asome mazungumzo yote.